Kura ya Namba Kumi na Mbili

Alhamisi, tarehe 27 Novemba 2025. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala upande wa Gahanga, mweupe na mzito, na mvua nyembamba ilinyesha bila kelele mpaka saa tatu. Nilisimama mlangoni pa duka langu la unga na maharage hapa mtaani Niboye, rozari mkononi, nikamaliza makumi yote matano bila kuiona hata nyumba ya jirani. Mwishoni nilimwomba Mungu jambo moja tu: anipe nguvu ya kunyamaza jioni hiyo, jina la Alida litakapoitwa.

Naitwa Mukashema Donatille, lakini watu wengi huniita Mama Shema. Nina miaka hamsini na nane. Kusoma nilianza kujifunza nikiwa na miaka hamsini na minne, katika madarasa ya jioni kwenye ukumbi wa parokia, kila Jumanne na Alhamisi. Siku ninayoieleza ilikuwa ya mwisho katika muhula. Jumamosi tungepewa vyeti. Jumapili, ya kwanza ya Majilio, paroko alikuwa amekubali nisimame mimbarini nisome somo la Isaya mbele ya watu wote. Siku hiyo nilikuwa nimeiombea miaka minne. Somo lenyewe nilikuwa nimelipitisha kidole mara nyingi mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa.

Lakini mdomo niliotaka kuupeleka mimbarini ulikuwa umedanganya mara kumi na mbili.

Kaze Alida alikuwa rafiki yangu. Tulijiandikisha siku moja, ndiyo maana kwenye daftari la mahudhurio mimi nilikuwa namba kumi na moja na yeye namba kumi na mbili. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyekulia Burundi kama mimi, akiishi peke yake Gahanga katika chumba cha kupanga. Mwanzoni mwa Septemba, baada ya masomo mawili tu ya muhula, alipata habari kwamba mama yake anaumwa huko Kamembe, mji wa mbali, mwendo wa saa sita kwa basi. Nilimsindikiza mpaka njiapanda ya Sonatubes. Alipokuwa tayari amepanda pikipiki ya kumpeleka kituo cha mabasi, aligeuka akaniambia, "Unijibie, Mama Shema. Jina langu lisikae kimya."

"Nitakujibia mpaka urudi," nilisema.

Kujibiana lilikuwa jambo la kawaida darasani kwetu. Sisi ni watu wa kazi. Mmoja amechelewa na wateja, mwingine mtoto ana homa, na anayekosa masomo mengi hapati cheti. Basi jina likiitwa, jirani huziba mdomo kidogo kwa kitenge na kusema, "Nipo!" Mwalimu wetu Audace, kijana mpole aliyekuja kwetu Septemba hiyohiyo, alikuwa akiita majina haraka bila kuinua kichwa. Alipoanza kushuku alitutangazia sheria: atakayemjibia mwenzake atapoteza cheti chake mwenyewe. Tulicheka, tukaendelea.

Tarehe 10 Oktoba, Ijumaa, simu ililia nikiwa napima maharage. Alikuwa dada yake Alida. Mama alikuwa amepona, lakini Alida ndiye aliyeugua, akapelekwa hospitali, na Alhamisi jioni akafariki. Wangezika Jumamosi.

Sikwenda. Najua namna inavyosikika. Kwetu mtu huacha kila kitu akaenda kuzika, na basi la Kamembe lilikuwepo, na nauli ilikuwepo. Nilijiambia kwamba nina mzigo wa unga unaokuja. Ukweli ni kwamba niliogopa kuliona kaburi. Nilifikiri, nisipoliona, Alida atakuwa tu hayupo, kama mtu aliyesafiri. Sikumwambia yeyote. Jumanne iliyofuata, mwalimu alipoita namba kumi na mbili, niliziba mdomo nikasema, "Nipo!" Wenzangu wakatabasamu. Walidhani bado anamuuguza mama yake.

Nilifanya hivyo wiki sita. Katika wiki za mwisho mambo mawili yalianza kunisumbua.

La kwanza lilikuwa kiti. Alida alikalia siku zote kiti cha plastiki cha kijani, chenye alama iliyounguzwa na pasi kwenye mkono wa kiti, mstari wa nyuma kabisa, karibu na nguzo. Siku moja nilikikuta mstari wa nne. Wiki iliyofuata kilikuwa mstari wa tatu. Nilijua kwamba kwaya hutumia ukumbi na kuvipanga viti upya, nikajituliza kwa hilo.

La pili sikuweza kulituliza. Jumanne ile ya mwisho, tarehe 25, mwalimu aliita, "Kaze Alida," nami nikajiandaa kujibu. Sauti ikasema, "Nipo." Wote walinitazama kwa utani, kama kawaida. Lakini mdomo wangu ulikuwa bado umefungwa.

Kwa hiyo Alhamisi nilikuwa nimeamua. Nitanyamaza. Sitasema uongo, wala sitasema ukweli. Mwalimu atachora mstari kwenye jina, mambo yatakwisha polepole, na mimi nitabaki na cheti changu na somo langu la Isaya.

Nilipoingia ukumbini saa kumi na moja jioni, kiti cha kijani kilikuwa mstari wa mbele, kimeelekea meza ya mwalimu. Hakuna aliyekuwa amekikalia. Nilipita mbali nacho nikakaa.

Mwalimu Audace alifurahi sana siku hiyo. Muhula mzima tulikuwa tukisoma kitabu kimoja chembamba alichokitafsiri mwenyewe, sura baada ya sura, kutoka boksi la vitabu vikuukuu vilivyotumwa na Wakristo wa Amerika. Kilikuwa hadithi ya kutungwa, juu ya uchaguzi wa gavana katika jimbo moja la kusini huko Amerika, karne ya kumi na tisa. Hadithi ilikuwa ya kutungwa, alitueleza, lakini namna ya kupiga kura ilikuwa ya kweli katika baadhi ya majimbo ya wakati ule. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Mtu alisimama mbele ya karani, akataja jina lake na mahali anapokaa, kisha akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, anamchagua nani. Karani akaandika. Mgombea aliyepata kura alikuwa amekaa palepale. Akasimama, akainamisha kichwa, akampa mpiga kura mkono na kumshukuru.

"Leo hatusomi," alisema mwalimu. "Leo tunachagua gavana."

"Mwalimu, si tupange tu foleni nyuma ya mgombea, kama tulivyofanya tulipochagua viongozi wa mudugudu, mtaa wetu?" alisema Jean-Luc, dereva wa pikipiki wa pale Sonatubes, mtu asiyeweza kukaa dakika tano bila kuchokoza. "Foleni haina uongo. Unaona migongo, unahesabu migongo."

"Foleni tutaipanga mwishoni, kuhakikisha. Kwanza sauti. Na wewe, kwa kuwa unapenda kusema, utakuwa Kanali Pruitt."

"Kanali! Mmesikia? Kuanzia leo nauli yangu imepanda."

"Hata ukiwa jenerali, kofia yako ya abiria itanuka vilevile," alisema Connie. Ukumbi ukacheka. Connie alikuwa na duka la simu, amerudi kutoka Uganda na familia yake zamani, na ulimi wake haukuwahi kushindwa na wa Jean-Luc. Mwalimu akamfanya Jaji Tarrant, mgombea wa pili. Karani alikuwa Usumani, fundi cherehani, mzee mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Alivaa miwani, akafungua ukurasa mpya, akapiga mistari kwa rula.

Tulikuwa wanafunzi kumi na sita ukumbini. Wagombea na karani nao wangepiga kura. Daftari lilikuwa na majina kumi na saba.

Usumani alianza kuita. Watu walikwenda mezani wakicheka, lakini kila aliyefika pale alijikuta amesimama wima. Si jambo dogo kusema jina lako lote kwa sauti na kumtaja unayemtaka, naye anakutazama usoni. Mama mmoja alinong'ona, na Usumani akamwambia, "Paza sauti, dada, Amerika ni mbali." Kura za Jean-Luc na Connie zilikuwa zikifuatana karibu.

Mwalimu alitukumbusha sehemu ya kitabu tuliyoisoma Jumanne: namna gavana alivyoshinda kwa kura moja tu, na namna walivyokuja kugundua kwamba mwenye kura hiyo alikuwa amezikwa siku kumi na moja kabla ya uchaguzi. Karani wa kitabuni aliapa kwamba alimsikia kwa masikio yake. Gavana alikula kiapo, akatawala miaka yake yote. Kitabu hakisemi alikuwa akilalaje.

"Namba kumi na moja," aliita Usumani.

Nilikwenda. "Mukashema Donatille. Niboye. Namchagua Kanali Pruitt."

Jean-Luc aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. "Asante, mama yangu. Nikishinda nitakubeba bure mpaka kanisani." Nilimpa mkono. Wakati huohuo mvua iliangukia mabati ghafla, mvua kubwa, kama mtu amemwaga gunia la maharage juu ya paa.

"Kofia zangu!" alipiga kelele Jean-Luc, akaruka kiti, akakimbilia mlangoni.

"Kanali amekimbia vita!" alisema mtu nyuma, na ukumbi mzima ukageukia mlango kwa kicheko. Mimi pia niligeuka. Nilikuwa bado nimesimama kando ya meza.

Nyuma yangu Usumani, ambaye hakuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mistari yake, aliita, "Namba kumi na mbili. Kaze Alida."

Nilikaza meno. Nilianza kusali kimoyomoyo, Salamu Maria, umejaa neema.

Kushoto kwangu, karibu na bega langu kiasi kwamba ningeweza kumgusa msemaji kwa mkono, sauti ilisema taratibu, "Kaze Alida, binti wa Maneno. Namchagua Jaji."

Sikugeuka. Mungu anisamehe, sikugeuka. Nilitazama mlango, nikamwona Jean-Luc akirudi na kofia mbili kifuani, akidondosha maji. Nilisikia kiti cha Connie kikisogea, nikamsikia akisema, "Asante sana, Alida," kwa sauti ile ya mchezo. Kisha Usumani akaita namba kumi na tatu, na mimi nikarudi kukaa.

Walipomaliza, Usumani alihesabu vijistari vyake. Akahesabu tena kwa ncha ya kalamu.

"Kanali, nane. Jaji, tisa. Gavana ni Connie."

Connie alipunga mkono kama mtu anayepita kwenye gari la wazi. Jean-Luc alipinga palepale. "Wizi! Mwalimu, foleni! Nataka kuona migongo."

Tukapanga foleni, kama mwalimu alivyoahidi. Nilisimama nyuma ya Jean-Luc. Mwalimu alipita katikati akigusa mabega. Kila mgombea, tukimhesabu na mpinzani wake, maana wagombea walichaguana kwa heshima, alikuwa na watu wanane. Nane na nane.

"Kumi na sita," alisema mwalimu. "Mzee Usumani, umeandika kumi na saba."

"Nimeandika niliyoyasikia."

"Aah, Mama Shema huyo," alisema Connie akicheka. "Amempigia na Alida. Tumemzoea."

"Alida ni yupi kati yenu?" aliuliza mwalimu.

Watu walitazama viatu vyao. Mwalimu alivuta daftari akasoma mstari wa kumi na mbili. Alisoma vizuri, polepole, kama anavyotufundisha.

"Kaze Alida, binti wa Maneno. Kamembe. Jaji Tarrant."

Mimi sikuwa nimemsikia akitaja mahali. Mvua ilikuwa imelimeza neno hilo, au halikusemwa kwangu.

"Kamembe?" alisema Jean-Luc. "Alida anakaa Gahanga. Nimewahi kumpeleka."

"Amesema Kamembe," alisema Usumani. Alikuwa amevua miwani. "Nilimuuliza, 'Unakaa wapi?' Akasema, 'Sasa nakaa Kamembe.' Mimi ni mzee, lakini si kiziwi. Na haikuwa sauti yako, Mama Shema. Nguo zako nimekushonea miaka sita. Sauti yako naijua."

"Nami nilipewa mkono," alisema Connie. Hakuwa akicheka tena. Aliutazama mkono wake wa kulia kama kitu alichookota. "Nilikuwa nimeinama, sikutazama. Mkono ulikuwa baridi, umelowa. Nikadhani ni wako, mama. Nikasema moyoni, mvua hiyo."

"Mimi sikuwa nimetoka nje," nilisema.

Wote walinitazama. Mvua ilikuwa imekatika kama ilivyoanza. Kiti cha kijani kilikuwa palepale mstari wa mbele, na kwenye kikalio chake kulikuwa na maji kidogo, duara dogo, ingawa bati la juu yake halivuji.

Nilijua kwamba ninaweza bado kujiokoa. Ningesema, ndiyo, ni mimi, nilifanya mzaha. Mwalimu angenikemea mbele ya watu, pengine angenihurumia kwa sababu ya umri wangu. Au ningenyamaza, kama nilivyoomba asubuhi. Lakini sasa nilielewa ni nini nilichokuwa nimekiomba. Nilikuwa nimemwomba Mungu anisaidie kumwacha Alida afutwe kwa mstari wa kalamu, bila mtu hata mmoja kusema kwamba amekufa. Na yeye alikuwa amesogea mstari baada ya mstari, mpaka mezani, kuja kusema mwenyewe anakaa wapi.

"Mwalimu," nilisema, "mwite tena."

"Nani?"

"Namba kumi na mbili. Mzee Usumani amwite tena, kama mwanzo."

Mwalimu Audace aliitikia kwa kichwa. Usumani alivaa miwani. Nilimsikia akisema bismillahi kwa sauti ya chini. Kisha akaita, "Kaze Alida."

Tulisubiri. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kofia za Jean-Luc. Hakuna aliyejibu. Nilikwenda mpaka mezani, nikasimama mahali pa wapiga kura, kando ya kiti cha kijani.

"Kaze Alida amefariki," nilisema. "Alifariki Kamembe, tarehe 9 Oktoba, saa kumi na mbili jioni. Nilijua tangu kesho yake. Sikwenda kumzika. Nimemjibia mara kumi na mbili akiwa kaburini. Leo na Jumanne sikumjibia."

Connie alijifunika mdomo kwa mikono miwili. "Mama Shema! Wiki saba, na tunakuuliza kama hajambo, nawe unasema hajambo?"

"Ndiyo."

"Yewe Mungu wangu," alisema Jean-Luc. Halafu akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, usimfute huyu mama. Sisi wote tumejibiana. Mimi nimejibiwa mara nne. Anasoma Jumapili, kanisa zima linajua."

Mwalimu alikuwa kijana, na nilimwona akitafuta namna ya kunihurumia. "Nilisema sheria mbele yenu wote," alisema mwishoni. "Nikimwachia yeye, kesho itakuwa zamu ya nani? Mama, cheti chako kitasubiri muhula ujao. Juu ya Jumapili, hilo ni la paroko."

"Paroko nitamwambia mwenyewe leo," nilisema. "Asome mwingine."

Nilidhani nitalia nikisema hivyo, kwa sababu ya ile karatasi iliyolainika. Sikulia. Nilihisi kitu kimoja tu: bega langu la kushoto, lililokuwa baridi tangu mvua ianze, lilikuwa linapata joto.

Usumani alisogeza daftari. "Mstari wa kumi na mbili niuandikeje?"

"Usiufute," nilisema. "Andika mbele yake kwamba amefariki. Na uandike ninalosema sasa, mzee wangu, na jina langu, na mahali ninapokaa."

Alikaza macho kwenye ukurasa, kalamu tayari. Watu walikuwa wamesimama bila kuambiwa, wale wa foleni ya Kanali na wale wa foleni ya Jaji. Niliweka mkono juu ya mgongo wa kile kiti. Plastiki ilikuwa imelowa. Nikapaza sauti, kama alivyotufundisha mwalimu, ili hata aliye nyuma kabisa karibu na nguzo asikie:

"Mimi Mukashema Donatille, wa Niboye, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi kwamba kesho asubuhi nitapanda basi la kwanza la Kamembe, nitapiga magoti mbele ya mama yake Alida nimwombe radhi kwa kutozika, nitakwenda mpaka kaburini nimwite kwa jina lake lote, na akinyamaza, nitamwacha anyamaze, sitamjibia tena."